Mtu Mwekundu Chini ya Mlima

Mimi ndiye niliyemfuta dada yangu. Nimejaribu kulisema jambo hili kwa maneno laini zaidi, nikashindwa.

Picha aliileta yeye mwenyewe kutoka Koboko, imefungwa ndani ya kitenge. Alikuwa akimpikia nesi mmoja Mfaransa, na nesi alipokuwa anarudi kwao akampa. Alimwambia ni rangi ya mafuta, na aliyeichora ni Mfaransa ambaye maisha yake yote hakuchora kitu ila milima. Nilicheka. Mtu mzima, milima tu! Mama hakucheka. Aliutazama ule weupe wa kileleni, akauliza kwa Kiswahili chetu, kile ambacho marehemu baba alirudi nacho kutoka jeshini: "Hawa watu wanaanika muhogo juu namna hii, mvua ikikuja wanakimbia aje?"

Dada alicheka hadi akakaa chini. Kisha akamweleza kwamba ule si muhogo, ni baridi iliyoganda.

Chini ya mlima palikuwa na njia, na njiani mtu mmoja, mdogo kama punje ya mtama, mwekundu. Hakuwa na uso.

Dada aliolewa hukohuko Koboko, akawa anawauzia chai madereva wa malori kule mpakani, Oraba. Malaria ilimchukua kwa siku tatu. Alizikwa kwa mumewe, na mama, ambaye magoti yake hayamfikishi hata kisimani, hakwenda. Nilikwenda mimi. Nikarudi kwetu Manibe na sanduku la nguo za marehemu. Mama hakulifungua. Alivuta kiti mbele ya picha, pale ukutani ilipotundikwa.

"Huyu ndio yeye," alisema, kidole kikiwa karibu na yule mtu mwekundu. "Iko njiani. Anakuja."

Sikumbishia. Kila asubuhi alimsalimu, akampa habari za kuku, akamgombeza kwa kutembea polepole. Niliona wivu, sitaficha. Aliyekuwa akimpikia na kumkanda magoti ni mimi, lakini mazungumzo yote yalikuwa ya yule. Baadaye nikazoea, hata nami nikawa namtupia jicho nikipita na ndoo.

Mwaka ulipotimia tangu azikwe, tukaandaa maombi ya kumkumbuka. Kwetu nyumba yenye maombi hupakwa upya: wanawake wa jirani huja na udongo na mavi ya ng'ombe, na kila kilichoko ukutani huteremshwa kisuguliwe. Mama tukampeleka kwa jirani, vumbi lisimwingie kifuani. Picha ilikuwa imekula moshi wa jiko miaka mingi, nami nikaifanyia kama ninavyofanyia masufuria: mafuta ya taa, sabuni, majivu, kitambaa kikuukuu. Weupe wa kileleni ukajitokeza, nikazidi kusugua kwa furaha. Nilitaka mama amwone mwanawe vizuri. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Nilipogeuza kitambaa, niliona wekundu.

Nikakaa sakafuni kwenye udongo mbichi. Njia bado ilikuwapo, safi kabisa, haina mtu. Wenzangu walikuwa wanaimba huku wakipaka ukuta wa nje, nami nikairudisha picha mahali pake.

Jioni mama alirudi ameshika bega la jirani, akakaa kwenye kiti chake. Kidole kikaanzia mwanzo wa njia, kikapanda, kikashuka, kikapanda tena.

"Iko wapi?"

Ningeweza kumwambia kweli. Niliogopa.

"Amevuka, mama. Amepita nyuma ya mlima."

Nilidhani ameridhika, nikaanza kuokota ndoo.

"Huko nyuma baridi iko mingi," alisema. "Na nguo yake yote iko hapa."

Akataka sanduku. Akalifungua kwa mara ya kwanza, akapekua hadi chini, akatoa sweta ya kijani ambayo dada alikuwa akivaa alfajiri akienda kuwasha moto wa chai. Akaikung'uta, akaikunja vizuri, akaniwekea mikononi.

"Wewe iko na miguu," akaniambia. "Kimbia, mupelekee."

Nikasimama na sweta mbele ya ukuta uliokuwa haujakauka, mama ananingojea niondoke.