Nilimchagulia Mutua Risasi kwa Wivu

Makosa ni yangu, sitafuti wa kumlaumu. Wivu ulinifanya nimuumize mtu aliyekuwa akiniita bro.

Mimi na Mutua ni manesi, tunafanya kazi pamoja hapa Plymouth, Minnesota. Mchezo wa kulenga shabaha za mbali ni mimi nilimwonyesha. Nilikuwa na miaka minne ndani yake, na bunduki yangu ya risasi ndogo, najiona fundi.

Jumamosi yake ya tatu tu uwanjani, Mutua aliazima bunduki hiyo hiyo akagonga bamba la chuma lililo umbali wa yadi mia sita, mara tano mfululizo! Wazee wa pale wakampigia makofi. Mimi hata jina hawajawahi kuniuliza. Wueh! Jamaa amenikuta Minnesota, tayari amenunua nyumba kule Blaine, sasa na hii pia?

Akataka kununua yake. "Bro, wewe ndiye unajua. Nichukue ya risasi gani?"

Jibu nilikuwa nalo: ndogo kama yangu. Inafika mbali na haipigi teke sana begani. Lakini nikamwambia, "Hiyo yangu ni ya watoto. Mwanaume anachukua magnum."

Nilijua teke la ile risasi kubwa litamtia woga, aanze kukosa. Hilo tu ndilo nililotaka, jameni!

Akanunua magnum. Siku ya kwanza, risasi ya pili, bunduki ikarudi nyuma kwa nguvu, darubini ya kulengea iliyo juu yake ikampasua juu ya jicho. Damu ikamjaa usoni! Nikamkandamiza kidonda kwa fulana yangu. Mzee mmoja akauliza kwa ukali ni nani alimshauri mwanafunzi aanze na kitu kikubwa hivyo.

Mutua akajibu, "Alinishauri vizuri. Ni mimi nilishika vibaya."

Aki nilitamani ardhi ipasuke!

Alishonwa nyuzi sita. Tangu hapo, akitaka tu kufyatua, anafumba macho. Bunduki akaiuza.

Wiki mbili baadaye nikamwambia ukweli, tumekaa garini nje ya kazi. Akasema, "Ungeniambia tu hutaki nikushinde. Ningekuwa nakuja kukutazama."

Siku hizi tukikutana kwa shifti ananisalimia kwa Kiingereza, kama anavyowasalimia watu asiowajua.

Wewe unayesoma, mtu akikuomba ushauri na moyo wako unachemka, mwambie hujui. Neno hilo moja tu lingeniachia rafiki.