Uzamili wa Mikoko Pale Nakonde

Nilikuwa afisa misitu wa wilaya pale Vwawa, na kazi yangu kubwa, tukisema kweli, ilikuwa kuhudhuria semina za upandaji miti katika kumbi zisizo na mti hata mmoja nje. Asubuhi moja mkuu wetu wa idara alirudi kutoka mkoani na habari kwamba atakayetaka cheo cha juu sasa lazima awe na shahada ya uzamili. Alitutangazia huku akitabasamu kama mtu aliyekwisha kuuona mtihani.

"Mimi mwenzenu nimeshaanza," alisema. "Nasoma hapo ng'ambo ya mpaka, Nakonde. Jumamosi asubuhi tu. Mchana niko shambani kwangu Itaka, naangalia kahawa."

Tulimpigia makofi. Idara yetu ilipiga makofi kwa urahisi.

Mimi uzamili wa maliasili na uhifadhi niliutaka kwa sababu ya cheo, sikatai, lakini pia kwa sababu nilikuwa nimeishiwa na majibu. Kule bondeni Momba wafugaji walikuwa wamehamia na mifugo yao, wakulima walikuwa wakifungua mashamba mapya, mkaa ulipanda Tunduma kwa baiskeli kila siku, na mimi kila mwaka niliandika ripoti kwa kunakili mapendekezo ya mwaka uliotangulia. Hakuna aliyewahi kugundua, kwa maana hakuna aliyewahi kusoma. Tatizo lilikuwa fedha. Mume wangu alikuwa na kibanda sokoni Tunduma, akiuza vitunguu na mkaa. Ndiyo, mume wa afisa misitu aliuza mkaa. Alikuwa na kibali, na mimi mwenyewe nilimkagua kwa ukali kuliko mfanyabiashara mwingine yeyote, mpaka akawa ananisalimia sokoni kama mtu asiyenijua.

Tulianza kutafuta chuo kwenye kibanda cha intaneti karibu na stendi. Nilikuta chuo kimoja cha ng'ambo ya bahari, chenye picha ya jumba lenye nguzo kubwa na nyasi zilizokatwa vizuri. Kilitoa shahada za uhifadhi kwa kupima uzoefu wa maisha, bila darasa. Nilijaza fomu yangu kwa uaminifu. Mume wangu aliyekaa pembeni akasogeza kiti.

"Na mimi nijaze."

"Wewe umeishia kidato cha nne, baba watoto."

"Wanauliza uzoefu. Nimeshughulika na maliasili tangu kabla hujanijua. Mkaa si maliasili?"

Akajaza. Wiki iliyofuata majibu yalikuja. Mimi niliambiwa nisubiri, maombi yangu yanahitaji kuangaliwa zaidi. Mume wangu alikubaliwa moja kwa moja, si uzamili bali uzamivu, na wakampongeza kwa mchango wake mkubwa katika nishati itokanayo na misitu. Alicheka mpaka akakohoa. Kwa muda mrefu pale sokoni wenzake walimwita Daktari, na bei ya mkaa wake ikapanda kidogo.

Hapo ndipo wifi yangu alipoingilia kati. Ni dada wa mume wangu, ameolewa Nakonde, na kwa ukoo wetu wa Kinamwanga mpaka ule ni kitu cha kuvuka kama unavyovuka ua wa jirani. "Wifi, mnahangaika na picha za nguzo wakati chuo kiko hapa," alisema. "Bosi wako si anasoma hapo? Njoo nikupeleke."

Chuo kilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la dagaa wakavu, na elimu yote ya pale ilinukia hivyo. Mkurugenzi alikuwa amevaa suti nzuri sana.

"Mwaiseni, madamu, mwaiseni! Karibuni. Mnataka digrii ya nini?"

"Uhifadhi wa maliasili," nikasema. "Ningependa kwanza kuona maktaba."

Aligonga kompyuta iliyokuwa mezani kwa kidole. "Maktaba yetu ni ya dunia nzima."

"Na mafunzo ya vitendo? Msituni mnakwenda wapi?"

Akasimama, akavuta pazia, akanionyesha mkaratusi mmoja uliokuwa nyuma ya uwanja wa malori. Alinieleza kwa dhati kabisa kwamba wanafunzi huwa wanauangalia.

Niliuliza kuhusu tasnifu. Akasema hilo lisinisumbue, ziko tayari, mtu anachagua kichwa cha habari tu. Zilikuwapo za tembo, za samaki wa ziwani, na moja ya misitu ya mikoko ya pwani, lakini hiyo, alisema kwa masikitiko, imeshachukuliwa na mheshimiwa mmoja kutoka Vwawa. Nikamjua mheshimiwa huyo. Mkuu wangu alikuwa hajawahi kuiona bahari.

Nikauliza ada. Ilikuwa ndogo, kweli. Ila ilikuwa na watoto: ada ya joho, ada ya muhuri, ada ya mtihani, ada ya kurudia mtihani ambayo hulipwa kabla ya kuufanya, na ada ya kusahihisha tasnifu ambayo hujaiandika. Nilipozijumlisha kichwani nikaona unafuu umeyeyuka hapo hapo kwenye kiti. Wifi yangu hakusikia hesabu hizo. Tukiwa tunashuka ngazi alikuwa ameshachagua kitenge cha sare ya sherehe.

Baada ya hapo niliacha kuuliza watu ni chuo gani chenye jina au sherehe nzuri. Niliwapigia simu niliosoma nao zamani, nikawauliza swali moja: tangu umalize uzamili, ni kitu gani unaweza kufanya ambacho hukuweza? Wengi walicheka. Wengine walinitajia vyeo vyao. Mmoja, mwanamke aliyekuwa akifanya kazi kwenye hifadhi, alifikiri kidogo, kisha akanieleza jinsi anavyopima msitu na kujua kama unakua au unakufa. Nikamuuliza alisoma wapi. Kilikuwa chuo cha umma, mashariki ya nchi, mwendo wa kutwa nzima kwa basi.

Nilikwenda bila miadi. Mhadhiri niliyeelekezwa hakuwa ofisini. Nilimkuta kwenye kitalu cha miche, amevaa mabuti ya mpira. Nilianza kumweleza cheo changu na vyeti vyangu. Akanikatiza kwa upole.

"Hayo tutayaona kwenye faili. Wewe unataka kujua nini?"

Katika safari yote ile hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo. Nikababaika. Kisha nikasema kwamba kwetu Momba miti ya miombo ikikatwa huchipua tena, lakini sehemu nyingine haichipui, na watu wanasema ni ng'ombe, wafugaji wanasema ni mkaa, na mimi ninayelipwa kujua, sijui.

"Basi hilo linatosha miaka miwili," akasema.

Ada ililipwa kwa awamu. Mwaka wa kwanza ningekaa darasani, wa pili ningefanya utafiti nyumbani, nikila ugali wangu mwenyewe. Mume wangu aliuza kiwanja tulichokuwa nacho Hasamba bila kunisimanga, ingawa kwa miezi kadhaa alinikumbusha kwamba yeye, Daktari, hakutumia hata senti.

Mkuu wangu alisaini ruhusa yangu ya masomo akinihurumia. "Miaka miwili? Kwani unasomea upasuaji wa moyo?"

Mwaka wa kwanza nililia kwa sababu ya takwimu. Nilikuwa mama mzima nimekaa kati ya vijana waliofanya hesabu zile huku wakitafuna karanga. Na nikiwa hukohuko, mkuu wangu alihitimu. Sherehe ilifanyika Itaka kwenye shamba lake, na mume wangu alihudhuria kwa niaba yangu. Alinisimulia kwamba mzee mmoja wa kanisa alisimama kwa heshima zote akauliza hiyo mikoko ni mnyama gani. Mhitimu alijibu kwamba ni jambo la kitaalamu, tule kwanza.

Cheo chake hakikuchelewa, ila kilikuja na safari. Huko juu mtu fulani aliona kwenye faili kwamba serikali ina mtaalamu wa mikoko, na kwamba mtaalamu huyo amefichwa Vwawa, penye baridi na kahawa. Akahamishiwa wilaya moja ya pwani mara moja. Alikata rufaa, akasema ana kifua. Wakamjibu kwamba hewa ya bahari ni dawa.

Mwezi wake wa kwanza kule pwani alinipigia simu nikiwa nimeingia utafitini. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Dada, samahani. Hivi mikoko inapandwa wakati maji yamejaa au yamekupwa?"

Nilimweleza nilichojua kutoka darasani, nikampa namba ya mtu anayejua zaidi. Nilitaka kucheka, lakini alisikika mpweke sana, na nyuma yake palikuwa na upepo. Baadaye alijifunza kweli. Nasikia sasa ukikaa naye hazungumzi kitu kingine.

Mimi nilizunguka Ndalambo na vijiji vya jirani kwa pikipiki iliyokuwa na mafuta pale tu idara ilipokumbuka, nikipima machipukizi ya miombo palipopita mifugo na pasipopita. Jibu halikumpendeza mtu. Ng'ombe walikuwa na makosa yao na mkaa ulikuwa na makosa yake, na palipoharibika zaidi ni pale vyote viwili vilipofuatana mwaka huohuo. Palipopumzishwa kidogo baada ya kukatwa, miti ilirudi.

Nilipomaliza nilirudi Ndalambo kuwasomea matokeo, kama nilivyoahidi. Wafugaji walikaa upande mmoja, wakulima upande mwingine. Niliongea kwa Kiswahili, na palipokwama nikatumia Kinamwanga, na kijana mmoja akawatafsiria wafugaji kwa lugha yao. Wakabishana mpaka jua likawa kali. Mwisho walikubaliana kufunga kipande kimoja cha msitu kwa majaribio, kisiingie ng'ombe wala shoka.

Mwenyekiti wa kijiji akasimama kunishukuru. Alisema hajawahi kuona mtaalamu aliyerudi kutoa majibu, na kwamba kijiji kimeguswa. Kisha akakohoa, akauliza kama posho za kikao nimekuja nazo au zinafuata.