Tangi la Mvua Ndani ya Fort Jesus

Nilipata cheti cha darasa la nane nikiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu, mwaka wa pili wa ujane wangu, na sikuona sababu ya kuwaficha watu jambo hilo. Kwa hiyo kikundi chetu cha akina mama wa Kiamunyi, Nakuru, kilipopanga kuizuru Fort Jesus, Mombasa, nilichukulia kwamba ni mimi nitakayesimama kanisani Jumapili itakayofuata kueleza tuliyoyaona. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ambaye hakuwahi kuketi darasani, sikumhesabu.

Ndani ya ngome, mwelekezi wetu alisema Wareno waliijenga "kama miaka mia nne iliyopita."

"Walianza 1593," nikamsahihisha. "Waomani nao waliizingira kuanzia tarehe 13 Machi 1696 hadi tarehe 13 Desemba 1698. Miezi thelathini na mitatu."

"Mashallah, mama. Basi mimi nipumzike, wewe uendelee."

"Usimwambie hivyo, boss," wifi akadakia. "Huyu ataendelea mpaka basi ituache."

Nikaendelea. Ndipo mama mmoja akauliza, "Na hiyo miezi yote walikuwa wanakunywa nini?"

Nilifungua daftari langu. Tarehe zilikuwemo zote, maji hayakuwemo. Nikaonyesha kisima kilichokuwa karibu, kwa mkono wa mtu anayejua.

"Hayo ni ya chumvi, mama," mwelekezi akasema kwa upole. "Ya kuogea tu."

Wifi alikuwa amesimama kando ya shimo kubwa lililochongwa mwambani, akitazama juu, mahali pasipo na kitu.

"Hapa juu kulikuwa na paa," akasema. "Maji ilikuwa inashuka inaingia hapa. Hii ni tangi ya mvua."

"Ndivyo hasa," mwelekezi akasema. "Paa la kanisa."

Sisi wa Nakuru, ambao maji ya visima yenye floridi yamewapa watoto wetu meno ya rangi ya chai, hatuhitaji kufundishwa umuhimu wa paa na mifereji. Akina mama walimzunguka wifi, wakabishana kuhusu upana wa paa na namna ya kuliosha tangi, kana kwamba Wareno walikuwa majirani wapya waliohitaji ushauri.

Tukiwa njiani kurudi, mwenyekiti wa kikundi akatangaza kwamba wifi ndiye atakayezungumza. Mimi niliombwa, kwa heshima kubwa, niketi benchi la mbele, asije akasahau mwaka.

Jumapili alizungumza dakika ishirini. Hakuhitaji mwaka hata mmoja.