Mlango wa Bibi Chini ya Ngome ya Sur

Ilikuwa wakati ule wa korona, Sydney imefungwa, nami nimejifungia na binti yangu hapa Bankstown, kazi ya ofisi naifanyia mezani pa kulia. Binamu yangu akanitumia video kutoka Sur, Oman, nilikozaliwa, ili anichangamshe. Ngome ya mlimani imekarabatiwa, inapendeza kweli. Nikacheka peke yangu. Kisha kamera ikateremka hadi mtaani kwetu, nikaona mlango wa bibi umetiwa kufuli mchana kweupe. Moyo ukanilipuka paa!

Wewe hukumjua bibi, ndugu yangu. Mzaliwa wa Unguja, aliyehamia Oman na Kiswahili chake kizima, na mlango wake ulikuwa wazi tangu alfajiri hadi isha. "Mlango wafunge wenye ngome," alikuwa akisema, "sisi tuna majirani." Sisi watoto kazi yetu kugeuza papa aliyeanikwa darini, kufukuza paka, na kupanda ngazi za ngome na birika la chai ya tangawizi ya mlinzi. Naye alituachia tukae juu ya mizinga ya zamani, chuma kinatuunguza makalio, hatubanduki. Tukishuka, mkate wa kumimina umeshaiva, na jirani, asiyejua Kiswahili hata cha kuombea maji, ametutangulia kula. Raha iliyoje!

Nikampigia mama. Nikamuuliza bibi yuko wapi. Akasema, "Leo wiki ya tatu, mwanangu."

Kwetu aliye ugenini hapewi tanzia akiwa peke yake. Ukoo mzima ulikubaliana kunificha, na binamu naye, ila kufuli hakulifikiria. Kila Ijumaa nilimtumia bibi salamu za sauti, na mama ananijibu, "Amelala, atazisikia."

"Ndege hakuna," mama akalia. "Nani angekushika mkono huko?"

Nilighadhibika, nikakaa sakafuni. Binti yangu akaja kuketi kando. Sur hajafika, na bibi alimjua kwa simu tu.

"Mum, bibi alikuwa ananukia nini?" akauliza, kwa Kiswahili, yeye anayenijibu Kiingereza siku zote.

Nikafumbua mdomo nimjibu papo hapo. Harufu ya yule papa ninayo puani mpaka leo, na ya vumbi la zile ngazi, hata ya mafuta ya nywele ya jirani. Ya bibi nikaitafuta, nikaitafuta. Sikuiona.