Kocha Alipokuja Kumposa Beki Wangu

Mie hoki ya barafu nimeijua kwa kufua soksi. Binti yangu alikuwa karani kwenye timu moja ya kulipwa hapa London, miaka ya tisini inaishia, na timu ikitafuta nyumba za kuwaweka wachezaji. Chumba changu cha juu, Ilford, kilikuwa kitupu. Akaniletea beki wa Kanada, jitu la miraba minne, kila akiingia mlangoni anainama kama anayeomba radhi.

Msimu ulipokwisha mabeki wakapukutika. Mmoja kaumia goti, wawili wamekwenda zao. Huyu wangu naye akaitwa na timu ya kaskazini, mshahara mnono. Kocha hana la kuongeza: ligi imeweka kikomo, mishahara ya timu nzima isipite hapo, naye keshakimaliza kwa washambuliaji. Akiondoka huyu, kule nyuma kumebaki uwazi mtupu.

Basi Jumapili moja kocha akaja kwangu na kopo la biskuti. Bwana yule anasemea puani, maneno anayakata kama bamia. "Mama. Nataka. Kuzungumza naye."

"Kaa kitako kwanza. Mwenye kijana ni mie."

Binti yangu akaninong'oneza, "Mami, please, huyu ni bosi wangu."

"Bosi wako huko ofisini. Hapa kaja kuposa."

Kwani uongo? Mtu kaja na biskuti, anataka kijana wa watu, na mahari hana. Nikavuta mtandio wangu nikakaa kama shangazi wa biharusi. Binti ikabidi atafsiri, uso umemwiva.

"Muulize, mahari kiasi gani?"

"Ile ile ya mwaka jana, Mama. Nimefungwa mikono."

Beki kajikunja kwenye ngazi, anacheka na chapati mdomoni. Lakini mie nikijua lililomkaa moyoni. Mkewe kule Kanada ana mimba changa, na kila akiweka simu chini hushuka jikoni akanioshea vyombo vilivyo safi. Wale wa kaskazini keshawauliza kama watamruhusu siku ya kujifungua. Wakamwambia, tutaona.

Nikasema, "Mahari ndogo tunapokea, ila sharti lipo. Mkewe akishikwa na uchungu, huyu anapanda ndege. Hata kama kuna mechi."

Kocha akanyoosha vidole. Akahesabu mabeki wake, mkono mmoja ukamtosha. "Mama. Tutafungwa."

"Mtafungwa, ndiyo. Mtakufa?"

Akamgeukia beki. "Kwa nini hukuniambia?"

Beki sasa hacheki. Akajibu kwa ile sauti yake ya pipa, "Niliogopa ungenitafutia mbadala."

Kocha akainuka akampa mkono. Beki akabaki, na msimu mpya kocha akaziba mianya kwa alichokiweza: kijana wa chuo, na mzee mmoja aliyestaafu hoki zamani, akiuza mazulia.

Uchungu ukaja siku ya mechi, utadhani umeitwa. Beki akaondoka mbio, viatu vya barafu kanitupia ukumbini. Jioni ile walifungwa mpaka binti yangu akachoka kunihadithia.

Kesho yake simu ikalia. Nikasema huyo kocha, kaja kulalama.

"Mama. Amejifungua?"

"Salama. Mtoto wa kike."

Akavuta pumzi, puani vilevile. "Mwambie. Asirudi. Mpaka wiki ijayo."