Mguu Uliokandwa Siku Tatu

Asubuhi moja ya likizo niliondoka Lubumbashi bila mpango. Ndivyo nilivyoishi. Niliacha shule mapema nikafuata malori, nikarudi darasani ukubwani kwa sababu ya mpira wa basketi: chuo kimoja cha mtaa wa Kampemba, palepale mjini, kilinipokea kwa ajili ya urefu wangu. Nilikuwa nimekichezea mechi nne tu.

Nilipanda lori hadi Pweto, kuona ziwa. Nilirudi juu ya magunia ya samaki wakavu, miguu nimeikunja siku mbili. Niliposhuka, shavu la mguu wa kushoto lilikuwa limevimba, gumu, la moto.

Kwetu mchezaji akivimba, wenzake humkanda. Kapiteni wetu, Kalenga, alileta maji ya moto na chumvi, akasukuma kwa vidole gumba.

"Na urefu yote ile, unalia kama mutoto," alisema. "Iko entorse tu, muguu uliteguka."

"Lakini sikuanguka. Nilikaa tu."

"Basi ulijivunja na kukaa."

Timu ikacheka, nami nikacheka.

Siku ya tatu ya kukandwa, mazoezini, kitu kilinichoma ubavuni. Nilivuta hewa, haikufika. Nikakohoa, mate yakaja na damu. Nilijua ninakufa, na akili yangu ilikuwa safi kabisa. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Kalenga alinibeba mgongoni mpaka barabarani.

Hospitalini daktari, mama mmoja asiye na maneno mengi, alinipiga picha ya kifua, akaipima miguu yangu kwa utepe.

"Ni nani alikanda uyu muguu?"

"Ni miye, Docteur," Kalenga alisema, akitazama chini.

"Damu iliganda mule juu ya kukaa sana bila kutembea. Mukaisukuma, kipande ikapanda mu mapafu. Musimuguse tena."

Nilichomwa sindano za tumboni, za kuzuia damu isigande, hadi ngozi ikawa ya zambarau. Niliogopa kusinzia, nikidhani pumzi itanisahau. Kalenga alikuja kila siku, mikono mfukoni. Hakuthubutu hata kunishika mkono.

"Nitacheza tena?" nilimwuliza daktari.

"Tembea kwanza."

Nilitembea. Nilimeza vidonge miezi sita, kisha akaniruhusu.

Leo tumefika Kasenga kwa mechi yangu ya kwanza tangu niugue. Njiani nilimwomba dereva asimame mara tano, timu nzima ikashuka kutembea nami huku ikinung'unika. Paroko ametupa darasa la kulala, na magodoro.

Namshukuru Mungu, na daktari yule, na Kalenga pia. Wewe unayesoma, mguu mmoja ukivimba bila kuanguka, usikubali kukandwa, hata na rafiki. Kapimwe siku hiyohiyo.

Bado naogopa. Kila nikifika mahali pa kulala naishika miguu yangu, wa kushoto kisha wa kulia, kulinganisha joto. Kalenga ameketi godoro la pili, ananitazama, anangoja nimwambie.

Inalingana.