Bibi Aliyechekesha kwa Kiamu

Mwaka jana nilirudi Jeddah kwa siku chache, na kabla ya kwenda kokote nikamwambia dereva anishushe Al-Baghdadiyah, mtaa niliokulia. Jengo letu halipo tena, pamebaki kiwanja kilichozungushiwa mabati. Lakini duka la tamisi la pembeni bado linaoka ile mikate bapa, mipana kama sinia. Nikanunua mmoja, nikaula pale pale nimesimama, nawe unanijua nilivyo mroho. Harufu ile ikanirudisha jikoni kwa bibi yangu, mzaa mama.

Nikwambie bibi huyu alikuwa nani. Alikuwa mshairi na mcheshi, na vyote viwili alivifanya kwa Kiamu, Kiswahili cha Lamu alichotoka nacho akiwa msichana. Kuishi kote huko Saudia hakukumbadilisha. Maji kwake yalikuwa mayi, njaa ilikuwa ndaa, kucheka kulikuwa kuteka. Ukimwambia kuwa Kiswahili sanifu hakisemi hivyo, alikujibu bila kukutazama: "Hicho cha redioni. Mimi si redio."

Kalamu hakuishika. Alitungia jikoni, akikanda unga wa mahamri, iliki na tui vikinukia nyumba nzima, na mimi nikifagia. Alisema ubeti, kisha akatega sikio. Ufagio ukisimama kwa kuwa nimeshindwa na kicheko, ubeti umepita. Ufagio ukiendelea, ubeti ulitupwa, akaanza upya. Ndiyo maana nyumba yetu haikuwahi kufagiliwa ikaisha, na mama akinigombeza nilimwambia niko kazini kwa bibi.

Hakubakisha mtu. Alimtungia jirani aliyefuga kuku kwenye roshani, akamtungia mjomba aliyenunua gari asijue kulirudisha nyuma. Waliotungiwa walinuna siku mbili, kisha wakaja kuomba warudiwe ubeti wao, maana kutotungiwa na bibi ilikuwa kama hujulikani mtaani.

Basi mama mdogo akaposwa. Waposaji walitoka Riyadh, wenye jumba kubwa Al-Malqa. Asili yao Unguja, babu yao alihamia huko kama babu yetu, ila wao Kiswahili walikiweka chini zamani. Mama yake bwana harusi alipokuja kutuona alizungumza Kiarabu tangu mlangoni mpaka mlangoni. Bibi alimsalimu kwa Kiswahili, naye akajibu kwa Kiarabu, akitabasamu.

Mama akaingiwa na hofu. Alimfuata bibi jikoni akamsihi, safari hii asiseme shairi. Mama mdogo ndiye atakayeishi na watu wale, na wakimwona katoka nyumba ya vichekesho vya kisiwani watamdharau maisha yake yote. Nilikuwa na ufagio mkononi, nikasimama, na hapakuwa na la kuchekesha.

Bibi aliendelea kukanda. Mwishowe akasema, "Mwanangu huolewa nami ninyamae? Ntasema. Na wasipoteka, ndio basi, sitatunga tena." Nilimjua. Neno lake halikurudi nyuma. Usiku ule nilimwombea Mungu kwa nguvu ambazo sijawahi kuombea nazo mitihani yangu.

Sherehe ya wanawake ilianza baada ya Alasiri. Simu zenye kamera zilikusanywa mlangoni, kama ilivyokuwa desturi ya kumbi za huko. Wageni wa Riyadh walikaa mbele, kwenye viti vya dhahabu. Ilikuwa ile miaka wasichana wa Kenya walipoletwa Saudia kwa wingi kufanya kazi majumbani, na kila madam, yaani mwajiri, alikuja na msichana wake. Wao walikaa nyuma, ukutani, na watoto wachanga wa watu mapajani.

Bibi akapewa kipaza sauti. Akasema ubeti wa kwanza, hakuna aliyecheka. Wa pili, kikombe cha kahawa tu kiligonga kisahani. Mama alikuwa ameinamisha kichwa. Mimi nilitaka kulia. Kisha bibi akasema huu:

*Wali nao waungua, nyumbani hamuna mayi,*
*mume ndaa yamuua, mke yu simuni, hayi.*

Yaani wali unaungua, maji hamna, mume anakufa njaa, na mke yuko kwenye simu, haji. Ukutani mtu akacheka. Alikuwa msichana wa Malindi, akamgeukia mwenzake wa bara na kumfafanulia, naye huyo akasema kwa sauti ambayo nadhani hakuikusudia, "Aki huyu si ni madam wangu kabisa!" Kicheko kikaenda ukuta mzima mpaka watoto wakaamka.

Bibi akafanya jambo ambalo sijaona mshairi mwingine akilifanya. Aligeuza kiti chake, akawapa mgongo wale wa viti vya dhahabu, akaanza kuwatungia wale wa ukutani. Mama akashika kichwa. Lakini hapo hapo mama yake bwana harusi, yule wa Kiarabu kitupu, akajiziba mdomo kwa mtandio, mabega yanamtikisika. Alipopata pumzi alisema kwa Kiswahili cha Unguja kisicho na kasoro: "Bibi, geukia na huku basi, rejea ule wa simu." Mcheza kwao hutuzwa, na bibi siku ile alituzwa na wenyeji na wageni.

Hakuna aliyerekodi. Beti zile zimekwenda na waliozisikia. Mikataba ya wasichana wale wa ukutani iliisha, wakarudi makwao. Kiamu nacho kimetutoka, wanangu hunijibu kwa Kiingereza. Haya yananiuma, sikufichi. Lakini nikikumbuka mwanamke yule mfupi akigeuza kiti chake mbele ya matajiri, kifua kinanijaa, na ninatembea kama mtu aliyeachiwa urithi.

Harusi zetu za leo zina muziki mkubwa na picha zisizokwisha, na wasichana bado wanakaa ukutani na watoto wa watu mapajani. Hakuna anayejali wanacheka au wamenuna. Bibi alitunga mpaka uzeeni, na katika harusi yake ya mwisho, akiwa hawezi tena kusimama, walimletea kipaza sauti akakiweka pajani kwanza. Akatazama nyuma ya ukumbi kwa macho yasiyoona vizuri, akauliza, "Wangu wa ukutani wamekuya? Basi na tuanze."